Kabla hujasambaza "siri" ya wimbo wa watoto

Kila baada ya muda naletewa ujumbe uleule kwenye simu: eti "Ring a Ring o' Roses", ule wimbo wa watoto kushikana mikono na kuzunguka, ni wimbo wa tauni. Waridi ni vipele, maua ya mfukoni ni ya kufukuza harufu mbaya, chafya ni dalili, na kuanguka ni kufa. Anayeutuma huwa mzazi aliyeingiwa na hofu, anataka kujua kama tuendelee kuuimba darasani. Nafundisha watoto wadogo, na jibu langu ni tuimbe. Kisha namwomba atafute tarehe mbili: wimbo uliandikwa kitabuni lini, na hayo maelezo ya kutisha yalianza kusikika lini.

Tarehe ya pili ndiyo husahaulika. Tauni kuu ya London ilikuwa mwaka 1665. Samuel Pepys, mkazi wa London, alikuwa akiandika shajara yake wakati huo, ameandika habari nyingi za ugonjwa ule, na wimbo huu hautaji popote. Kate Greenaway, mchoraji wa vitabu vya watoto wa Uingereza, aliutia katika mkusanyo wake mwaka 1881. Hadithi ya tauni nayo ilikuja kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watoto wakiwa wameshazunguka na kuanguka vizazi kadhaa bila kuambiwa kuwa wanaigiza msiba.

Lakini tusimwonee mzazi. Wimbo kuingia kitabuni si kuzaliwa kwake. Nyimbo za watoto hupita mdomo kwa mdomo, na huenda zikazunguka miaka mingi kabla mtu mzima hajashika kalamu. Ndiyo maana tarehe peke yake hainitoshi. Natafuta na namna nyingine za kuuimba, kama walivyofanya Iona na Peter Opie, mume na mke waliotumia maisha yao kukusanya nyimbo na michezo ya watoto Uingereza. Hapo ndipo hadithi ya tauni inapochechemea. Wimbo wa Greenaway hauna chafya hata moja. Mahali pake pana neno la kunyamazisha. Kwingine watoto hawaanguki, wanainama tu kwa heshima. Tena dalili kuu ya tauni ile ilikuwa mitoki, yaani tezi zilizovimba, si chafya.

Jambo jingine ninalowashauri walimu wenzangu: tenganisheni maneno na tuni. Mara nyingi havikuzaliwa pamoja. Maneno ya "Twinkle, Twinkle, Little Star" ni shairi la Jane Taylor la mwaka 1806. Tuni ni ya Kifaransa, ilikuwa imeshachapishwa mwaka 1761. Wengi humpa Mozart sifa ya kuitunga, ilhali alichofanya ni kuitungia vibadala 12 vya piano, yaani namna 12 tofauti za kuipiga. Tuni hiyohiyo ndiyo inayobeba wimbo wa alfabeti ya Kiingereza. Ukiuliza "wimbo huu ni wa mwaka gani?" utapewa majibu mawili, na yote ni sahihi.

"Baa, Baa, Black Sheep", wimbo wa kondoo mweusi anayeulizwa kama ana sufu, umo katika kitabu kidogo kilichochapishwa London mwaka 1744. Wapo wanaoufunga na ushuru wa sufu wa mwaka 1275. Hapo katikati kuna karibu miaka 470 ya kuelezea, na sijaona aliyeielezea.

Anayetaka wimbo wenye jina la mwandishi na mwaka wa kuchapishwa, mpe "Mary Had a Little Lamb": Sarah Josepha Hale, Marekani, 1830. Ubeti wake ndio Thomas Edison aliousema alipojaribu mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877.

Ninaoupenda zaidi darasani ni "Humpty Dumpty", wimbo wa Humpty aliyekaa ukutani, akaanguka, na hakuna aliyeweza kumuunga tena. Ubeti hausemi popote kwamba ni yai. Wakusanyaji wanauona kuwa kitendawili, na jibu limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayetega tena. Mchoro wa mwaka 1871 wa John Tenniel, mchoraji wa vitabu vya Alice, unaomwonyesha Humpty kama yai, ulizidi kulikaza. Basi naufundisha bila picha. Nawatolea watoto maana ya maneno, kisha nauliza: ni kitu gani hiki kikianguka hakiungiki tena? Walioona picha nyumbani hupiga kelele, "Yai!" Anayesema kioo namkubalia, maana ubeti haumkatazi.