Jibu: Matege ya utotoni na mapaja kuuma ukubwani

Dada wa Chake, umeuliza kama maumivu yako ya mapaja na nyonga yanatokana na matege ya utotoni, na kama mwanao wa mwaka na nusu, aliyepinda miguu, anafuata njia hiyo hiyo. Mimi ni wa Wete, na matege ninayo mpaka leo.

Mama anasema nilichelewa kuota meno, na kutembea pia. Nilikuwa mtoto wa maradhi maradhi, basi nikafungiwa ndani nisipigwe na upepo, chakula changu uji wa muhogo na chai ya rangi. Jua Pemba tunalo, karafuu zinakauka kwenye majamvi, lakini mtoto wa chumbani halimpati. Mfupa ukikosa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, na kalsiamu, haukazi, ukianza kubeba mwili unapinda. Bibi alinichua na kunifunga vibao; miguu haikunyooka ng'o.

Mapaja yalianza nilipokwisha zaa na kunyonyesha watoto wa kufuatana. Huuma mfupa wenyewe, ukiubonyeza muundi unaruka. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni mbuzi ya nazi: nikimaliza kukuna, siinuki mpaka nishike ukuta. Mtaani wakasema baridi yabisi. Hospitali moja nikapewa vidonge vya maumivu basi. Daktari mwengine ndiye aliyeagiza vipimo vya damu (kalsiamu, fosfeti, alkalini fosfatesi, vitamini D) na picha ya nyonga. Mifupa ilikuwa imelainika. Kwa hiyo yako huenda ni haya haya: kupinda ni kwa zamani, ulaini ni wa sasa, chanzo kimoja. Vipimo hivyo vidai.

Baada ya miezi ya dawa nguvu za mapaja zilirudi, nazi nakuna. Miguu imebaki ilivyo, na goti la kushoto linauma bado, maana mguu uliopinda hulemea upande mmoja wa goti. Hilo vidonge haviliondoi.

Jua la alfajiri tunalosifiwa halina kazi kubwa hapa. Ngoja kivuli chako kiwe kifupi kuliko wewe, kaa uani pasipo wageni, mikono na miguu wazi. Buibui halipitishi kitu. Na dagaa uwale wazima, jamani! Tunavunja vichwa tunawapa paka, na kalsiamu imo kwenye mifupa ile. Mchicha nao unayo, ila mwili huambulia kidogo.

Mwanao usimfunge vibao. Watoto wengi hupinda hivyo mpaka karibu miaka miwili, kisha hunyooka wenyewe. Ila mguu mmoja ukizidi mwengine, vifundo vya mikono vikivimba, au akipita miaka mitatu bado yuko vile vile, mpeleke, kwani matege ya mtoto mdogo yakitibiwa mapema mara nyingi hunyooka. Na ukipewa vidonge vya vitamini D, usimgawie: ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.