Kupata maoni ya maana kuhusu muziki wako wa elektroniki

Ndugu yangu, umesema umewatumia wanamuziki wenzako vipande sita vya elektroniki, vile tulivu visivyo na ngoma ulivyotengeneza chumbani, nao wakajibu "kali sana" kisha kimya. Pole, inakatisha tamaa. Ila nadhani umewatwisha mzigo mkubwa. Tuma kipande kimoja tu, na uulize jambo linalojibika: "Dakika ya tatu inachosha?" au "Besi inafunika kinanda?" Ukikipakia SoundCloud, mtandao wa kuwekea muziki, msikilizaji anaweza kuandika maoni palepale kwenye sekunde inayomkera, na kwako hilo lina faida kuliko sifa kumi.

Kabla ya kutuma, kagua masafa ya sauti (unene au wembamba wake) kati ya hezi 200 na 400. Muziki huu una sauti ndefu zinazopandana, kila moja na mwangwi wake, na uzito wote hurundikana hapo hadi kila kitu kinasikika kizito na kufifia. Punguza kidogo kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani), na ukate besi ndani ya mwangwi wenyewe. Kisha sikiliza kwa spika ya simu, maana wengi watakusikiliza hivyo. Usihangaike kupandisha sauti. Spotify kwa kawaida huzisawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo utaua utulivu wa kipande chako bure.

Nawe sikiliza kazi za wenzako, uwaandikie kwa undani. Mtu akikwambia kipande ni kirefu mno, usijitetee. Muulize alichokea wapi.