Kuku wako akivimba tumbo, usikimbilie dawa wala kisu

Mtu akisikia nilimpeleka kuku kwa daktari wa mifugo, swali la kwanza ni lilelile: "Kwani haliwi huyo?" Dar hii kuku mgonjwa ana njia mbili, dawa ya kuchanganya kwenye maji au sufuria. Siwalaumu. Ila Bi Mkubwa wangu alikuwa kuku wa mayai mwekundu, niliyemchukua kwa jirani hapa Kinyerezi aliyekuwa anauza kundi lililochoka kutaga, akaishia kufuata kandambili zangu nyumba nzima. Wenye kuku wa namna hiyo ndio ninaowaandikia.

Kuacha kutaga peke yake kusikutie presha. Kuku akipukutisha manyoya huacha. Tazama anavyosimama. Bi Mkubwa alianza kusimama wima, mkia umeelekea chini, miguu kaitanua, hatua fupifupi. Undu wa kichwani ukapauka, kinyesi cha njano na kijani kikagandia manyoya ya nyuma. Usiku akishatulia kwenye fito ndio wakati wa kumpapasa: pitisha kiganja chini ya tumbo, kati ya miguu na tundu la kutagia. Kuku mzima, hapo ni laini, hapajatuna. Lake lilikuwa kama mfuko wa maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye nailoni, unabonyea na kurudi. Kuku wanajua kuficha ugonjwa, kwa hiyo mzoeshe kushikwa angali mzima.

Daktari alisema ni kiini cha yai. Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Kiini kikitoka hapo kinatakiwa kidakwe na mrija wa mayai. Kikikosea njia kinaangukia tumboni, bakteria wanashambulia, maji yanajaa. Kuku hawa wa kisasa wanakaribia mayai 300 kwa mwaka, wakati kuku wa porini waliyetokana naye hutaga machache tu kwa msimu. Mwili unachoka, basi.

Lakini tumbo kuvimba si lazima iwe hivyo. Yai linaweza kukwama, mrija unaweza kujaa usaha mgumu, na saratani ya ovari inawapata kuku kiasi kwamba watafiti wa saratani hiyo kwa binadamu huwatumia kujifunzia. Kwa macho huwezi kutofautisha, na muuza duka la dawa za mifugo naye hawezi, hata akikwambia "mpe hii tu, atapona". Yai likikwama, maji ya uvuguvugu ya kumkalisha na chumba tulivu vinaweza kusaidia wakati unatafuta usafiri. Usilivunje ndani. Akipitisha siku nzima anajikakamua bila yai kutoka, hiyo ni dharura.

Bi Mkubwa alitolewa maji kwa sindano, akaanza kupumua vizuri na kudai chakula palepale mezani. Maji yalirudi. Yatarudi, ujue hivyo kabla hujalipa, na usijaribu kuyatoa mwenyewe. Antibiotiki ipimwe kwa uzito wake, na mayai yoyote atakayotaga usile wala kumpa jirani mpaka muda utakaotajwa na daktari upite. Kuna pia kipandikizi cha homoni kinachosimamisha utagaji kwa miezi kadhaa. Mimi sikukipata Dar.

Kwa hiyo kazi kubwa ikabaki nyumbani: kumpunguzia hamu ya kutaga. Wafugaji wa mayai huwasha taa ili mwanga ufike hata saa 16 kwa siku. Wewe fanya kinyume. Mchana wetu ni kama saa 12, unatosha; jua likizama mtoe kwenye taa ya sebuleni, hata kama anapenda kutazama tamthilia na nyie. Fito ishushwe karibu na sakafu. Joto la Januari na Februari linamwelemea mwenye maji tumboni, kwa hiyo kivuli, sakafu ya vigae na maji ya baridi. Nyuma mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha mkaushe kabisa, maana inzi wakitaga hapo funza hawachelewi.

Shangazi yangu wa Mbagala alinipa kipimo ninachokiamini kuliko vyote: "Mwanangu, kuku anayejigaragaza mchangani bado yupo." Bi Mkubwa alipoacha mchanga, akahema mdomo wazi hata asubuhi ya baridi, akaangalia dagaa bila kudonoa, nilimwita daktari amlaze usingizi wa mwisho. Bei ya huduma hiyo iulize mapema, siku ambayo hulii.

Nyama yake usimpe mtu, ina dawa. Ukiwa na kuku wengine na hujui kilichomuua, maabara ya mifugo ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) iko Temeke. Mpeleke siku hiyohiyo kwenye barafu, asigandishwe kwenye friza, kwa sababu akiganda viungo vya ndani vinaharibika na hawataona kitu cha maana.