Mama asisubiri chembe za nano

Ndugu yangu wa Mbeya, nimekuelewa: mama ana saratani ya mlango wa kizazi, amepangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, nawe umesoma kuhusu chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazopeleka oksijeni kwenye uvimbe. Unauliza azisubiri? Hapana.

Ulichosoma si uongo. Oksijeni hupenya kama milimita 0.1 hadi 0.2 tu kutoka kwenye mshipa wa damu, na mishipa ya uvimbe imekaa ovyo, kwa hiyo seli za katikati huikosa. Seli hizo huhitaji mionzi mara 2 hadi 3 zaidi ili zife. Chembe hizo za nano zikitengenezwa kwa manganizi dioksidi (madini ya manganizi yaliyoungana na oksijeni), zikikutana na kemikali ya haidrojeni peroksidi iliyomo kwenye uvimbe hutoa oksijeni, na manganizi inayobaki hung'aa kwenye picha za kipimo cha MRI, daktari akaona zimefika wapi. Shida ni kwamba nyingi huishia kwenye ini na wengu, na manganizi ikizidi hudhuru ubongo. Majaribio mengi bado ni kwa panya. Anayekuuzia "dawa ya nano" leo ni tapeli.

La kufanya sasa: damu ndiyo hubeba oksijeni, kwa hiyo mpimeni wingi wa damu (himoglobini) kabla ya safari. Ukiwa chini ya gramu 10 kwa desilita, mwambieni daktari mapema, yeye ndiye aamue kama aongezewe. Kama anavuta sigara, aache. Mionzi yote, pamoja na ile inayotolewa kwa kifaa kinachowekwa ndani ya mwili, imalizike ndani ya wiki 8, kwa hiyo mtafutieni malazi Dar, asipande basi kurudi nyumbani katikati ya matibabu. Akitokwa na damu nyingi au mkojo ukikata, hospitali siku hiyo hiyo.