Umenunua kiwanja Goba? Hongera, sasa kajitambulishe kwa majirani

Juzi kuna dada kanitumia meseji, ni msomaji wangu wa muda mrefu, anasema kapata kiwanja Goba, huku Dar es Salaam, hela keshalipa, anaomba ushauri aanze na ukuta au aanze na msingi wa nyumba. Mdogo wangu, hongera sana. Najua ulivyojinyima, maana wote tunaosoma hapa tunajua kudunduliza hela ya kiwanja huku mwenye nyumba wa Sinza anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ila meseji yako ndefu yote uliulizia tofali, ukaulizia fundi, ukaulizia kuvuta maji ya DAWASA, majirani hukuwataja hata kidogo, na mimi naanzia hapohapo.

Nilihamia huku Goba ikiwa bado iko Kinondoni, kabla hatujaingizwa Manispaa ya Ubungo 2016. Habari za kujenga naziruka, kila mtu ana stori ya fundi wake na zote zinafanana. Ninachotaka ujue ni kwamba kabla sijahamisha hata godoro nilienda kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa nikaandikwa kwenye daftari la wakazi, halafu nikapita nyumba moja moja, hodi hodi, mimi ndo jirani yenu mpya, naitwa mama fulani, naomba mnipokee. Watu walinishangaa kidogo maana wengi wanahamia usiku na fuso, asubuhi geti limefungwa, mpaka unamaliza mwaka hujui aliyemo ndani ni nani.

Sasa nikueleze kwa nini nalisemea hili kwa uchungu.

Goba ni vilima na mabonde. Mvua ikishuka maji yote ya juu yanakimbilia kwenye njia zetu, na kwa vile wengi tulinunua mashamba yaliyokatwakatwa bila kupimwa, njia yenyewe ni ile aliyoacha mwenye shamba, upana wa gari moja, mtaro hakuna. Kila masika maji yanachimba, yanachimba, mpaka njia inakuwa korongo. Mwaka mmoja mwezi wa nne, usiku, mtoto wa jirani yangu wa chini alibanwa na pumu. Bajaji ilifika mwisho wa lami ikagoma, dereva anasema mama siwezi kushuka huko nitapinduka. Baba yake alimbeba mgongoni, sisi tumeshika tochi za simu, tope linafika kwenye ugoko, na yule mtoto kila akivuta pumzi unasikia kama filimbi. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mimi usingizi ule usiku haukuja tena.

Asubuhi yake nikasema basi, inatosha. Barabara hizi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017, na utaratibu ni kwamba ombi lianzie kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe, upelekwe kata, diwani alibebe. Hilo tulilifanya na nakushauri na wewe ulifanye, usidharau mkutano wa mtaa. Ila mwaka wa bajeti unaanza Julai na masika yanakuja Machi, maji hayasubiri bajeti. Kwa hiyo nikaita wenye nyumba kwangu, wapangaji pia, nikachemsha chai, nikanunua maandazi kwa Mangi, tukakubaliana elfu hamsini kila nyumba, mpangaji atoe alichonacho, hela ya kifusi, ya greda na ya kalavati mbili pale korongo lilipokata njia.

Hela nilishika mimi kwa sababu kila mtu alikataa kuishika. Nilinunua kaunta buku, ukurasa wa kushoto jina na kiasi, ukurasa wa kulia matumizi, kila risiti nimeibana na pini. Kila lori la kifusi likimwaga nalipiga picha na namba zake zinaonekana, natupia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kabla dereva hajaondoka. Na bado. Na bado jamani, kuna jirani akaandika kwenye grupu, watu wote wanasoma, kwamba "huyu mama anamalizia ukuta wake kwa hela zetu". Mtu ambaye alichanga elfu kumi tu tena baada ya kufuatwa mara kibao! Nililia. Mume wangu aliniambia rudisha hela zao tukae kimya kama wengine, nikamwambia hapana, lile korongo litazibwa. Nikapeleka daftari ofisi ya mtaa, likasomwa mbele ya watu mstari kwa mstari, shilingi haikupungua.

Kalavati zipo mpaka leo. Masika ya mwaka huu yamepita na gari zilikuwa zinapanda na kushuka, bajaji inafika mlangoni, gari la maji linafika, na nikiona watoto wa shule wanapita pale na viatu vikavu najisikia vizuri sana, siwezi kuficha. Yule jirani hajaniomba radhi. Tunasalimiana, shikamoo marahaba kwa watoto wake naitikia, lakini moyoni bado kunauma na sitasema uongo kwamba nimesahau.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote mnaonisoma mkiwa na ndoto ya kwenu, iwe Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika, Kigamboni, popote, tafadhali ishini na watu. Tunahama mjini kukimbia kelele za nyumba za kupanga tukidhani ukuta mrefu na fensi ya umeme ndo usalama. Msiba ukitokea mtaani nenda. Hata kama umetoka kazini saa mbili usiku umechoka, pita, kaa kwenye kile kiti cha plastiki, toa rambirambi yako iandikwe, Jumamosi amka ukakate vitunguu na wenzio. Nimeshuhudia msiba wa mtu mwenye nyumba nzuri kuliko zote mtaani, turubai kubwa, viti vimepangwa, wamekaa wafanyakazi wenzake wachache tu na ndugu waliotoka mkoani, maana mwenyewe hakuwahi kukanyaga msiba wa mtu. Tulienda baadaye kwa sababu mjumbe alitupitia kutuomba. Usifike huko. Kuzikana ni kwetu sote.

Na mwenye zamu ya kushika hela za mtaa mheshimuni. Mtake daftari, ni haki yenu, ila msimchafue mtu ambaye hamna ushahidi naye, maana kesho mtakosa wa kushika.

Sasa swali lako la ukuta. Usianze na ukuta. Subiri mvua ya nguvu inyeshe, vaa buti, nenda kasimame kiwanjani uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, maana ukiziba njia ya maji kwa ukuta unamtupia jirani wa chini mto mzima sebuleni na huo ugomvi hauishi, utafika mpaka baraza la kata. Kama kuna mto karibu hesabu mita 60 kutoka ukingoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga humo hata kama aliyekuuzia anaapa. Halafu chukua ile karatasi ya mauziano, angalia ni majirani gani wa mpakani walisaini. Kama hawakusaini, wafuate sasa hivi, na mjumbe awepo, mpande mipaka wote mkiwa mmesimama hapo. Kiwanja chako hakijapimwa, hati huna, siku akitokea mtu wa pili na karatasi yake anasema kauziwa yeye, atakayesimama kusema "huyu dada ndo tulioneshwa" ni hao hao majirani. Acha na nusu mita upande wa barabara kwa ajili ya mtaro, waambie na wenzio waache, tena liandikeni kwenye muhtasari wa mtaa mapema kabla tofali la kwanza halijashushwa.