Krenki iliyosagwa mara mbili: itahimili tabo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, inayobeba mizigo kati ya Kibaigwa, Dodoma na Singida. Krenki yake, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, imeshasagwa mara mbili na sasa iko saizi ya 0.50 (shingo zimepungua milimita 0.50 kutoka kipimo cha kiwandani, yaani standadi). Injini imegonga tena, na shingo mbili za konrodi (sehemu za duara za krenki zinazoshikwa na mikono ya pistoni) zimechubuka mistari. Fundi mmoja anashauri tuisage hadi 0.75 kisha tufunge tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ili gari lipande milima kwa nguvu. Mwingine anataka tujaze shingo kwa kuchomelea, tuzisage zirudi standadi, halafu tuzipashe moto kwa gesi na kuzizamisha kwenye oili ili ziwe ngumu. Nimsikilize nani? Msomaji, Kibaigwa.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa fundi wa pili usiufuate kabisa. Chuma cha krenki kina kaboni ya kutosha kugeuka kigumu na chepesi kuvunjika pembeni mwa sehemu iliyochomelewa, na kukizamisha kwenye oili kikiwa chekundu hukipinda na kukiachia nyufa ambazo jicho halizioni. Kujaza shingo ni kazi halali inapofanywa kwa mashine maalumu, krenki ikipashwa joto kabla na kupoozwa taratibu baadaye, lakini hata hivyo mimi nisingeifunga krenki ya namna hiyo kwenye injini inayoongezewa nguvu.

Ushauri wa fundi wa kwanza unawezekana, ila kwa masharti. Wengi huogopa kwamba krenki iliyosagwa inakuwa nyembamba mno. Tuchukulie mfano wa shingo ya milimita 60 iliyoshushwa kwa milimita 0.75: nguvu yake ya kuhimili kupindwa hupungua kwa takriban asilimia 4, na ukakamavu wake wa kuhimili kusokotwa kwa takriban asilimia 5. Hasara hiyo ipo, lakini si yenyewe inayokata krenki. Krenki hukatika kwenye kona, pale shingo inapokutana na ubavu, yaani bapa linalounganisha shingo moja na nyingine.

Kona hiyo kiwandani huachwa na mviringo mdogo, kwa sababu msongo mwingi wa konrodi inaposukumwa chini hukusanyika hapo. Jiwe la kusagia ambalo ncha zake hazikuchongwa kwa almasi kufuata mviringo uleule huacha kona kali, au kijingazi chembamba ambacho kucha hukikwamia, na ufa huanzia hapo. Ukitazama krenki iliyokatika utaona simulizi nzima usoni mwake: sehemu laini yenye mistari ya mawimbi inayotoka kwenye kona, mahali ufa ulipotembea kwa muda mrefu, kisha sehemu ndogo yenye chembe chembe, mahali chuma kilichobaki kilipoachia kwa mara moja. Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu krenki yako, mwombe akuonyeshe geji ya mviringo anayotumia kupima kona. Asiyekuwa nayo anabahatisha.

Jambo la pili ni ngozi ya chuma, yaani tabaka gumu la nje. Krenki nyingi hukomazwa kwa mojawapo ya njia mbili. Zilizopashwa kwa umeme wa induksheni huwa na tabaka gumu la milimita kadhaa, hivyo kusaga robo milimita nyingine hakulimalizi. Zilizokomazwa kwa naitrojeni huwa na tabaka jembamba, mara nyingi chini ya nusu milimita, na baada ya kusagwa mara mbili huenda halipo tena. Hizo hurudishiwa ugumu kwa kuwekwa saa nyingi ndani ya tanuru lenye gesi ya amonia, kwa nyuzi 500 hadi 550 za Selsiasi. Kwa kuwa joto hilo si kubwa na hakuna kuzamisha kwa ghafla, krenki haipindi sana, na ngozi mpya hujibana yenyewe kiasi cha kuchelewesha nyufa. Kwa injini ya nguvu nyingi, huku ndiko kuimarisha kwa kweli. Hufanyika baada ya kusaga, kisha krenki hupimwa unyoofu na kung'arishwa kidogo tu. Pima ugumu wa shingo kwa kipimo, na uhakikishe tanuru linapatikana kabla jiwe halijagusa chuma.

Kabla ya yote hayo, tafuta nyufa. Njia ya kuaminika ni kuifanya krenki kuwa sumaku na kuimwagia unga wa chuma, kisha kuiondolea usumaku. Njia ya mafuta ya taa na chaki husaidia, lakini nyufa changa huzipita. Shingo yenye rangi ya bluu imeungua, na ugumu wake una mashaka hata kama haina ufa.

Hata hivyo, swali ninalotaka ulikazanie ni kwa nini beringi, yaani vipande laini vinavyozunguka shingo, zimekufa mara tatu. Katika vumbi la ukanda wetu huu ningeanza na mpira unaotoka kwenye kichujio cha hewa, kwani mpasuko mdogo nyuma ya kichujio huingiza mchanga hadi kwenye oili. Kisha ningefungua vizibo vya njia za oili ndani ya krenki na kuzisugua, maana chembe za beringi ya zamani hujificha humo na kuua beringi mpya. Matundu ya konrodi yapimwe uduara, na tundu za meni (beringi kuu zinazoshikilia krenki kwenye bloku) zipimwe kama zimenyooka kwenye mstari mmoja. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi iwe karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani takriban milimita 0.06 kwa shingo ya milimita 60, na tofauti ya uduara wa shingo isizidi milimita 0.005.

Kuhusu tabo, 1HZ ilitengenezwa bila tabo, na joto la ziada litaumiza pistoni na silinda hedi mapema kuliko krenki. Ukiamua kuifunga, weka shinikizo dogo, funga kipimo cha joto la moshi, usiongeze dizeli kwa kukisia, na badilisha puli ya mbele ikiwa mpira wake umepasuka, kwa kuwa ndiyo inayotuliza msokoto wa krenki ndefu ya silinda sita. Dereva naye aambiwe kwamba kupanda mlima Sekenke akiwa na mzigo kwa gia kubwa, mzunguko ukiwa chini na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, huzibana beringi za konrodi kuliko kupanda kwa gia ndogo injini ikizunguka kwa wepesi.

Krenki ikionyesha ufa kwenye kona, hata mfupi kama punje ya mchele, usiisage, tafuta nyingine.