Dawa ya viungo ya mara moja kwa wiki: naweza kuimeza kila siku?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Vidole vyangu huamka vimevimba na kukakamaa. Hospitalini walisema ni baridi yabisi, wakanipa methotreksati, vidonge vitatu vya miligramu 2.5 mara moja kwa wiki, pamoja na asidi foliki. Hii ni wiki ya tatu na sijaona nafuu. Je, nimeze kimoja kila siku? Na je, nichanjwe homa ya manjano ili nivuke ziwa kwenda Kalemie, Kongo?

JIBU: Marahaba, mama. Tafadhali usiimeze kila siku, kwa sababu kosa hilo limeshaua watu. Kwa dozi ndogo ya wiki, dawa hii hutuliza kinga ya mwili, ambayo katika ugonjwa wako hushambulia viungo, na nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Ikimezwa kila siku, uboho unaotengeneza damu huelemewa, chembe nyeupe hupungua, mdomo hujaa vidonda, na maambukizi madogo huweza kummaliza mtu. Chagua siku moja, tuseme Jumapili, uiandike kwa kalamu juu ya pakiti.

Ninaloliogopa zaidi ni Septrin, dawa ya kuua bakteria ambayo kwetu hununuliwa dukani kwa kila kikohozi na kuharisha. Septrin na methotreksati zote mbili huuzuia mwili kutumia foliki, vitamini ambayo uboho huihitaji kutengeneza damu, tena Septrin huzichelewesha figo kuitoa methotreksati, hivyo uboho huweza kuharibika hata kama dozi yako ni sahihi. Ukifika duka la dawa, taja dawa unayotumia kabla ya kutaja kinachokusumbua. Homa ikipanda, pima malaria, lakini usiridhike na jibu hilo peke yake. Rudi hospitalini siku hiyohiyo wakupime na wingi wa chembe za damu. Vipimo vya damu, ini na figo viendelee hata ukijisikia mzima, na usishike mimba ukiwa kwenye dawa hii, kwani humdhuru mtoto tumboni.

Kuhusu Kalemie, chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo huweza kumdhuru mtu ambaye kinga yake imetulizwa na dawa, kwa hiyo usichomwe kabla daktari wako hajaamua. Kama ulishachanjwa zamani, itafute kadi yako, kwani tangu 2016 cheti hicho hutambuliwa maisha yote. Kama hujawahi, mwombe daktari barua ya kukusamehe chanjo, na umuulize mapema afisa afya wa bandarini kama ng'ambo wataipokea.